Maswali ya Wasomaji: Mchumi wa Biashara ya Kimataifa na Gunia la Karafuu

Mwezi huu nimechagua barua tatu, mbili za Pemba na moja ya Paje, kwa sababu zote zinauliza juu ya kazi moja, ya mchumi wa biashara ya kimataifa. Ni kazi isiyotajwa sana katika majarida yetu, ingawa visiwa hivi vimekula kwa biashara ya bahari tangu zama za majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Barua ya pili imenishika zaidi, kwa kuwa inagusa kiini cha kazi yenyewe, na nitaomba radhi kwa urefu wa jibu lake.

BARUA YA KWANZA

"Assalaam alaykum. Mimi ni mkulima wa karafuu, nakaa Wete. Binti yangu amemaliza Kidato cha Sita kwa tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na amefaulu vizuri. Sasa anasema anataka kusomea uchumi wa biashara ya kimataifa. Mimi namwambia kuwa biashara haisomwi, biashara hufanywa dukani, na jamaa zetu walioko Darajani hawakuisoma skuli. Naomba munieleze, kazi hiyo ni kitu gani hasa, na akishaisoma atakula wapi?" – Mzazi, Wete.

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Umesema kweli kwamba biashara hufanywa dukani, na katika hilo sina la kukupinga. Mfanyabiashara wa Darajani anaijua bei aliyonunulia na bei atakayouzia, na riziki yake imo katika tofauti ya bei mbili hizo. Mchumi wa biashara ya kimataifa hatafuti riziki katika tofauti hiyo, bali anaihoji. Chukua gunia lako la karafuu ya daraja la kwanza. Tangu linapopimwa kituoni Wete hadi linapofunguliwa katika ghala la mnunuzi Mumbai au Singapore, bei yake imekwisha kupanda mara kadhaa. Mchumi huyu anataka kujua kila hatua imekula kiasi gani: nauli ya meli ni ipi, ushuru ni upi, fedha ya dalali ni ipi, na kiasi gani kimepotea kwa unyevu na kungoja bandarini. Kisha anauliza swali lililo gumu zaidi, kwamba lau moja ya hatua hizo ingebadilika, nani angepata na nani angekosa. Binti yako anataka kujifunza kulifuata gunia lako kwa kalamu, na kwa maoni yangu hakuna mtoto aliye karibu zaidi na swali hilo kuliko aliyekua akigeuza karafuu juu ya majamvi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1817 Mwingereza David Ricardo alitoa mfano wa nchi mbili na bidhaa mbili. Kwa hesabu yake, Uingereza ilihitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka ili kupata kiasi fulani cha nguo, na watu 120 ili kupata kiasi fulani cha mvinyo. Ureno ilihitaji watu 90 kwa nguo ileile na 80 kwa mvinyo uleule. Ureno ilikuwa hodari zaidi katika yote mawili, na mtu angedhani kwamba haina haja ya kununua chochote kwa Mwingereza. Ricardo akaonyesha kinyume chake. Ureno ikitoa mvinyo kwa kazi ya watu 80 na kuubadilisha kwa nguo ambazo zingeihitaji kazi ya watu 90, imeokoa kazi ya watu 10. Uingereza nayo, ikitoa nguo kwa kazi ya watu 100 na kupata mvinyo ambao ungeihitaji kazi ya watu 120, imeokoa kazi ya watu 20. Kinachoamua basi si nani hodari kuliko mwenzake, ila kila mmoja huacha nini anapochagua kufanya hiki badala ya kile.

Kisiwa chako ni ushahidi wa hesabu hiyo. Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, na kabla ya mikarafuu kuenea kilikuwa kikipeleka mchele Mombasa. Katika karne ya 19 mashamba yaligeuka, na leo mkulima wa karafuu hununua mchele wa mapembe uliotoka Asia kwa fedha aliyoipata kwa karafuu. Ricardo angelieleza jambo hilo kwa mistari michache. Hata hivyo ningependa binti yako ajue mapema kile ambacho mistari hiyo haikisemi: mashamba ya mwanzo ya mikarafuu yalilimwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Nchi inaweza kupata faida huku baadhi ya waliomo wakidhulumika, na mchumi asiyeliona hilo hajaimaliza kazi yake. Wataalamu wa leo wanalishughulikia waziwazi. Mwaka 2013 David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walichapisha utafiti juu ya sehemu za Marekani ambazo viwanda vyake vilishindana na bidhaa za China. Kwa makisio yao, ushindani huo ulieleza takriban robo ya upungufu wa ajira za viwandani nchini humo kati ya 1990 na 2007. Wateja walipata bidhaa rahisi, lakini waliofukuzwa kazi walikaa katika miji yao na kuumia kwa miaka mingi.

Sasa nije kwenye chakula. EGM ni mwanzo mzuri kwa sababu ya ile herufi ya mwisho, yaani hisabati, na asiiache hata mwaka mmoja. Shahada ya kwanza ya uchumi anaweza kuipata hapa nyumbani, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au Dar es Salaam. Shahada hiyo pekee itamfikisha benki, mamlaka ya mapato au wizarani, na wengi huishia hapo kwa heshima. Akitaka kuwa mtafiti hasa, atahitaji uzamili na kisha uzamivu, ambao huchukua miaka minne hadi sita. Nairobi iko taasisi iitwayo African Economic Research Consortium, iliyoanzishwa mwaka 1988 kwa ajili ya kuwafundisha wachumi wa Afrika na kugharimia tafiti zao, nayo imewapitisha wengi katika eneo letu. Kazi zenyewe ziko Arusha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ziko wizarani na Benki Kuu, ziko vyuoni, na ziko Geneva katika Shirika la Biashara Duniani. Ukumbuke pia kuwa biashara ya nchi za nje imo katika orodha ya Mambo ya Muungano, kwa hiyo Mzanzibari anayeijua vizuri anahitajika pande zote mbili, na kwa sasa hatuna wengi.

Mtajie pia Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria. Alipata uzamivu wake katika chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1981, akafanya kazi Benki ya Dunia kwa miaka 25, akawa waziri wa fedha wa nchi yake mara mbili, na tangu tarehe 1 Machi 2021 ni Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Biashara Duniani, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Naye alianzia katika hesabu za darasani. Na ikiwa binti yako atapata nafasi ya kujifunza Kifaransa, asiikatae, kwani ni moja ya lugha tatu rasmi za shirika hilo, na ni miongoni mwa lugha rasmi za majirani zetu wa Komoro na Madagaska ambao nao wanauza karafuu.

BARUA YA PILI

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi, nyumbani ni Chake Chake. Tunasomeshwa nadharia za biashara, lakini sijapata kuona mtafiti anafanyaje kazi yake siku hadi siku. Je, yuko mmoja ambaye kazi yake naweza kuifahamu bila ya hisabati nyingi? Na je, mtu anaweza kufanya utafiti wa namna hiyo juu ya karafuu?" – Mwanafunzi, Chake Chake.

Mwanangu, ungeweza kutajiwa majina makubwa. Jan Tinbergen wa Uholanzi, aliyeanza kama mwanafizikia na kushiriki Tuzo ya Nobel ya kwanza ya uchumi mwaka 1969, alionyesha mwaka 1962 kwamba biashara kati ya nchi mbili hukua kwa ukubwa wa uchumi wao na hupungua kwa umbali uliopo baina yao. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta kuwa umbali ukiwa maradufu, biashara hushuka kwa takriban nusu. Paul Krugman wa Marekani, katika makala ya mwaka 1979, alieleza kwa nini nchi zinazofanana huuziana bidhaa zinazofanana, na mwaka 2008 akapewa Nobel. Kazi zao utazisoma darasani. Mimi nakuchagulia mwengine, kwa sababu alichokifanya kinaweza kusimuliwa barazani na mzee asiyejua kuandika akakifahamu.

Anaitwa Dave Donaldson, Mkanada. Shahada yake ya kwanza aliisomea fizikia Oxford, kisha akahamia uchumi, akapata uzamivu wake London School of Economics, na sasa ni profesa katika chuo cha MIT. Mwaka 2017 alipewa nishani ya John Bates Clark, ambayo Jumuiya ya Wachumi ya Marekani humpa mchumi aliye chini ya umri wa miaka 40. Swali lililomshughulisha lilikuwa hili: reli ambazo Waingereza walizijenga India tangu mwaka 1853, hadi kufikia zaidi ya kilomita 67,000 mwaka 1930, ziliwaletea wenyeji neema yoyote, na kama ziliwaletea, ilipitia mlango gani? Kabla ya reli mizigo ilibebwa na ng'ombe kwenye njia za vumbi, nao hawakuweza kwenda zaidi ya kilomita 30 kwa siku. Treni ya mizigo iliweza kwenda kilomita 600.

Kila mtu angesema bila kusita kwamba reli ilipunguza gharama. Mtafiti haruhusiwi kusema hivyo mpaka apime, na hapo Donaldson alikwama, kwa kuwa hapakuwa na daftari lililoandika nauli ya gunia moja kutoka kila mji hadi mji mwengine kwa kila mwaka. Bei za mchele katika miji miwili hazikumsaidia, maana mchele ulilimwa kila mahali, na ukikuta bei zimetofautiana huwezi kujua kama mchele wa huku ulikwenda kule au kila mji ulikula wake. Ndipo alipoiona chumvi. Kaskazini mwa India wakati ule palikuwa na aina nane za chumvi, kila moja ikitoka sehemu moja na kuuzwa kwa jina la kwao: chumvi ya ziwa Sambhar, chumvi ya bahari ya Bombay (Mumbai ya leo), hata chumvi iliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikiitoza chumvi ushuru, iliandika bei zake kwa uangalifu. Basi ukiikuta chumvi ya Sambhar katika mji wa mbali, unajua kwa hakika kwamba imetoka Sambhar, na kile kilichozidi juu ya bei ya Sambhar ndicho kilicholipwa njiani. Kwa chumvi, kitu ambacho kila jiko linacho, akapata kipimo cha gharama ya njia kwa eneo kubwa na kwa miaka mingi. Mimi husoma makala za uchumi kila wiki, na bado kila nikilifikiria jambo hili moyo hunifurahi, kwa sababu majalada hayo yalikuwapo kwa miaka yote na kilichokosekana ni mtu wa kuyauliza vizuri.

Palibaki shaka moja ambayo mwanafunzi mwema lazima aione. Huenda reli zilipelekwa pale ambapo neema ilikuwa ikija tu, hata bila ya reli, na katika hali hiyo tungeisifu reli kwa kazi isiyo yake. Donaldson alitafuta njia zilizokuwa zimepangwa na kupimwa lakini hazikujengwa, zaidi ya kilomita 40,000, akatazama kama wilaya ambazo njia hizo zingepita zilineemeka pia. Hazikuneemeka. Wilaya zilizofikiwa na reli ya kweli ziliona kipato chao halisi cha kilimo kikipanda kwa takriban asilimia 16, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo alionyesha kuwa ilitokana na biashara baina ya wilaya, yaani hesabu ileile ya Ricardo. Katika kazi nyengine ya mwaka 2010, yeye na Robin Burgess walikuta kwamba mahali palipokuwa na reli, ukame haukuua watu kwa kiasi ulichokuwa ukiua kabla. Rasimu ya makala ya reli ilikuwa tayari ikisomwa na wachumi mwaka 2010, na ikachapishwa rasmi mwaka 2018. Miaka minane na zaidi ya kusahihishwa, kuhojiwa na kurudia hesabu. Hiyo ndiyo siku hadi siku uliyoniuliza.

Sasa karafuu. Jibu langu ni ndiyo, na nitakueleza kwa nini. Karafuu inafanana na chumvi ya Donaldson katika jambo moja muhimu: hutoka mahali pachache duniani, na wanunuzi huijua kwa jina la kwao. Karafuu ya Zanzibar iliyouzwa Bombay katika karne ya 19 haikuwa na mahali pengine pa kutoka. Anayepata bei za pande mbili kwa miaka kadhaa anaweza kupima njia ya bahari ilivyobadilika. Na ilibadilika kwa kishindo: Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, meli za moshi za posta zikaanza kufika Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1870, na Aprili 1872 kimbunga kikang'oa mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu. Kazi ya mtafiti ni kuyatenganisha mambo hayo yaliyokuja pamoja. Kimbunga kiliigusa Unguja zaidi kuliko Pemba, ilhali mfereji na meli vilivigusa visiwa vyote viwili. Tofauti baina ya visiwa ndiyo itakayokwambia kipi kilifanya nini. Anzia katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uyaombe majalada ya forodha na ya kilimo ya wakati wa Waingereza, na uwe na subira na vumbi.

Ukitaka swali la karibu zaidi, lipo la magendo. Kila mtu wa makamo aliyekulia Pemba anajua kwamba bei ya karafuu ilipokuwa ndogo nyumbani, karafuu zilivuka usiku kwenda Mombasa. Kwa miaka mingi mkulima alitakiwa auze kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, peke yake, na soko la dunia lilipopanda katika miaka ya 1970 yeye aliona sehemu ndogo tu ya kupanda huko. Kisha Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ikapanda mikarafuu yake na kujitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ikaanguka. Mwaka 2011 Serikali iliipandisha sana bei ya mkulima, na tangu hapo sera iliyotangazwa ni kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Je, magendo yalipungua kwa kiasi gani? Mkamataji wa magendo hawezi kukujibu, kwa sababu yeye huhesabu yaliyokamatwa tu.

Njia ya kuyapima ilionyeshwa na Raymond Fisman na Shang-Jin Wei mwaka 2004. Walichukua hesabu za Hong Kong za bidhaa zilizopelekwa China, wakaziweka kando ya hesabu za China za bidhaa zilizopokewa kutoka Hong Kong. Zilipaswa kulingana, lakini hazikulingana, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa bidhaa zilizotozwa ushuru mkubwa: kila ushuru ulipozidi kwa pointi moja ya asilimia, ukwepaji ulizidi kwa takriban asilimia 3. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa karafuu, kwa sababu nchi zote hutumia namba moja ya forodha kwa bidhaa moja, na namba ya karafuu ni 0907. Kusanya kile ambacho nchi zinazonunua zimeandika kwamba zimepokea kutoka Tanzania na kutoka Kenya, ulinganishe na kile ambacho sisi tumeandika kwamba tumeuza, mwaka kwa mwaka, kabla na baada ya 2011. Takwimu hizo huwekwa wazi na Umoja wa Mataifa katika hazina iitwayo Comtrade, na mwanafunzi huzifungua bila ya malipo.

Jihadhari na jambo moja ambalo limewapoteza wengi: namba hiyo ya 0907 inachanganya karafuu zenyewe, matunda yake na makonyo, yaani vikonyo vyake. Makonyo hayana thamani ya karafuu, na kwetu mengi huishia kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Mtu asiyewahi kuchambua karafuu kwa mkono hataliona kosa hilo, atagawa thamani kwa uzito na kupata bei isiyokuwapo sokoni. Wewe utaliona, na usione haya kuandika katika utafiti wako kwamba ulilijua kabla ya kusoma uchumi.

BARUA YA TATU

"Sisi ni kinamama wakulima wa mwani Paje. Tunaambiwa bei ya mwani inatokana na soko la dunia, lakini hatujapata kuliona soko hilo. Anakuja mnunuzi, anataja bei, tunapima, anaondoka. Je, wachumi wanalo jibu?" – Mkulima wa mwani, Paje.

Bibi yangu, wanalo jibu la nusu, nami nitakupa nusu hiyo bila ya kuipamba.

Kweli ipo katika maneno mnayoambiwa. Mwani tulioanza kuulima kwa biashara mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, huuzwa mkavu nchi za nje ili kutolewa kitu cha kugandishia kiitwacho karajinani, kinachotiwa katika dawa za meno na vyakula. Wakulima wakubwa wa mwani huu duniani ni Indonesia na Ufilipino, na mavuno yao yakiwa mengi, bei hushuka hadi Paje. Tena sisi tunauza zaidi mwani wa aina ya spinosum, ambao bei yake ni ndogo kuliko ya aina ya cottonii, na cottonii umekuwa ukitufia kadiri maji ya bahari yanavyozidi kupata joto.

Lakini umbali na aina ya mwani havielezi kila kitu. Mchumi akisikia kwamba "anakuja mnunuzi", kwa umoja, huinua kichwa. Soko lenye wauzaji mamia na mnunuzi mmoja au wawili halifanyi kazi kama lile la vitabuni, kwa kuwa mnunuzi hashindani na mtu, na anaweza kubakisha mkononi mwake sehemu ya bei ambayo ingekwenda kwa mkulima. Hali huwa nzito zaidi pale mnunuzi anapokuwa ndiye aliyewapa kamba na taitai za kufungia mwani kwa sharti la kumuuzia yeye.

Wapo watakaowaambia kuwa dawa ni simu, mjue bei za nje. Chanzo cha ushauri huo ni utafiti mzuri wa Mmarekani Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, juu ya wavuvi wa Kerala kusini mwa India. Kati ya 1997 na 2001 simu za mkononi zilifika katika pwani yao, na wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa baharini kuuliza soko lipi lina wanunuzi. Samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakakoma kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4. Ni habari njema, lakini wavuvi wale walikuwa na masoko mengi ya kuchagua pwani nzima. Kwenu nyinyi, kuijua bei ya Ufilipino hakutasaidia sana ikiwa anayefika Paje ni yuleyule. Kitakachowapa nguvu ni mnunuzi wa pili, au uwezo wa kuukausha mwani vizuri na kuuweka ghalani bila ya kuharibika mpaka bei iwe ya kuridhisha, na kununua kamba zenu wenyewe kwa ushirika ili msifungwe na deni la mtu.

Kuna jambo ambalo ningewaomba mulianze kabla ya msimu ujao, kwa kuwa hakuna mtafiti atakayewasaidia bila ya hilo. Fungueni daftari moja la kikundi. Kila siku ya kupima, andikeni tarehe, jina la aina ya mwani, kilo zilizopimwa, bei aliyoitaja mnunuzi, na kama alikuwa peke yake siku hiyo au walikuwa wawili. Siku mbili za wanunuzi wawili zikilinganishwa na siku 20 za mnunuzi mmoja zinaweza kuonyesha kile ambacho nyinyi munakijua na wizara haijakiona kwa maandishi. Msimu ukimalizika, nitumieni nakala, nami nitakaa na mwanafunzi yule wa Chake Chake tuyapige hesabu na kuwarudishia majibu hapa hapa katika safu hii.